Bulgaria: majina yalitangulia, msikiti ukafuata

Mhariri,

Magazeti yetu yamezoea kueleza kwamba ukomunisti ulipoanguka Ulaya Mashariki, Waislamu walirudi misikitini, na humo misikitini vikazaliwa vyama vya siasa. Kwa Bulgaria, maelezo hayo yameyapindua mambo. Waislamu wa huko waliunganishwa kisiasa na majina yao, na dini ilipoanza kuhuika ilikuta chama kimeshaundwa.

Desemba 1984, serikali ya kikomunisti ya Todor Zhivkov ilianza kuwalazimisha Waturuki wa nchi hiyo, zaidi ya 800,000, kuchukua majina ya Kibulgaria. Kijiji kilizingirwa alfajiri na polisi na wanajeshi, wakazi wakaitwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa na kupewa orodha ya majina wachague. Kitambulisho cha zamani kilichukuliwa papo hapo, na asiye na kipya hakulipwa mshahara. Hata marehemu walibadilishwa majina madaftarini. Kuzungumza Kituruki hadharani kulitozwa faini, na tohara ikapigwa marufuku. Tarehe 26 Desemba, kwenye maandamano ya kijiji cha Mogilyane, mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliuawa kwa risasi. Wapomaki, Waislamu wa milima ya Rhodope ambao lugha yao ni Kibulgaria, walikuwa wameshafanyiwa hayo mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kiangazi cha 1989, watu zaidi ya 300,000 walivuka mpaka kuingia Uturuki. Zhivkov aliondolewa tarehe 10 Novemba, na Januari 1990 kikaanzishwa chama cha Haki na Uhuru, DPS. Kiongozi wake, Ahmed Dogan, hakuwa sheikh: alisomea falsafa na alikuwa ametoka gerezani. Dai la kwanza lilikuwa majina. Sheria ya Machi 1990 iliwataka watu wapitie mahakamani; Novemba ikarekebishwa, maombi ya maandishi yakatosha. Lakini jina likisharudi, vyeti vya shule, hati za ardhi na kumbukumbu za ajira vinabaki na lile la kulazimishwa. Mzee anayedai pensheni huhitaji cheti cha manispaa kinachothibitisha kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja.

Katiba ya 1991, ibara ya 11, inakataza vyama vya kikabila na kidini. Wabunge walikwenda Mahakama ya Katiba kutaka DPS ifutwe. Aprili 1992 majaji sita waliafiki, watano wakakataa. Zilihitajika kura saba, chama kikapona. Wasomaji wa Mombasa wanaokumbuka Chama cha Kiislamu cha Kenya kilivyonyimwa usajili mwaka huohuo wataona uzito wa kura hiyo moja.

Dini yenyewe ilikwamia kwenye usajili, na hapa ndipo waandishi wetu hupita haraka mno. Sheria ya mwaka 1949, iliyobaki kutumika hadi 2002, ilitaka uongozi wa kila dini uidhinishwe na serikali. Aliyeidhinishwa ndiye mwenye ofisi, nyaraka na mali za jumuiya; asiyeidhinishwa, hata akichaguliwa na waumini, hana kitu. Nedim Gendzhev alikuwa Mufti Mkuu tangu enzi za ukomunisti. Mwaka 1992 serikali ilibatilisha uchaguzi wake, na mkutano wa waumini ukamchagua Fikri Sali Hasan. Februari 1995, serikali nyingine ikasajili upande wa Gendzhev. Siku chache baadaye, tarehe 27, uongozi huo mpya uliingia ofisi ya Mufti mjini Sofia pamoja na walinzi wa kampuni binafsi, ukawatoa wafanyakazi kwa nguvu. Polisi walipofika, waliwalinda walioingia.

Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua tarehe 26 Oktoba 2000 kwamba uhuru wa dini ulivunjwa. Lakini mwaka 1997 serikali iliyofuata ilikuwa imeshasimamia mkutano wa kuziunganisha pande hizo, na mwaka 2004 mahakama hiyohiyo ikaona kosa hapo pia: kuwalazimisha waumini wawe na uongozi mmoja si kazi ya dola. Ugomvi wa miaka hiyo yote ulikula nguvu ambazo zingejenga madrasa. Shule za kidini zilifunguliwa Shumen, Ruse na Momchilgrad, na chuo Sofia, kwa msaada mkubwa wa Uturuki, huku vijana wengine wakienda kusoma Saudi Arabia na Jordan na kurudi na mafundisho yaliyowagonganisha na wazee wao wa madhehebu ya Hanafi.

Chama nacho kimeachana na chimbuko lake. Mwaka 2024 DPS ilipasuka kati ya Dogan na Delyan Peevski, mwanasiasa tajiri ambaye si Mwislamu.

Kwa hiyo, Mhariri, habari ya Waislamu wa Bulgaria isianze na idadi ya misikiti mipya. Naomba waandishi wenu waeleze kwanza nani amesajiliwa, nani anashika mali za wakfu, na mishahara ya maimamu inatoka wapi.

Msomaji wenu,
Tanga