Utatu Mtakatifu na Sala Zetu za Kila Siku

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Barua yako ilinifikia salama. Unasema kwamba unaukiri Utatu Mtakatifu kila Jumapili bila shaka yoyote, ila ikifika Jumatatu huoni fundisho hilo linakusaidia nini, kwa kuwa ungeweza kuwa mwaminifu, mpole na mkarimu hata kama usingewahi kusikia habari za nafsi tatu za Mungu mmoja: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu.

Mimi naona linasaidia sana, na kwanza kabisa katika kuomba. Paulo anawaambia Waefeso kwamba kwa Kristo "sisi sote tumepata njia ya kumkaribia Baba katika Roho mmoja" (2:18). Mstari huo mfupi unawataja wote watatu, wala haufundishi hesabu. Unaeleza kinachotendeka mtu anapopiga magoti. Tunamwomba Baba, kwa njia ya Mwana aliye mkono wake wa kuume akituombea, na anayetuamsha tuombe ni Roho. Kwa hiyo, asubuhi ile unapoamka umechoka na maneno yamekukauka kinywani, sala haijakoma kwa sababu wewe umeishiwa, maana "Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa" (Warumi 8:26). Kama si hivyo, ningekuwa naomba peke yangu huku chini, nikipima kila sala kwa bidii niliyoitia, na ninavyojijua, ningekwisha kukata tamaa zamani.

Hapo ndipo ninapowaelewa mababa wa Kanisa, yaani walimu wake wa karne za kwanza. Ario, padri wa Aleksandria, alipofundisha kwamba Mwana ni kiumbe, Atanasi, aliyekuja kuwa askofu wa mji huo, aliona hasara yake: kiumbe hawezi kumuunganisha kiumbe mwenzake na Mungu. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 325 ukakiri kwamba Mwana ana umungu mmoja na Baba, na ule wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ukamkiri Roho kuwa Bwana mleta uzima, anayeabudiwa pamoja na Baba na Mwana. Ubishi ulikuwa mkali, na pengine wapo walioufurahia kupita kiasi, lakini kilichokuwa hatarini ni wokovu wenyewe.

Ule mfano uliouandika, kwamba Utatu ni kama kitu kimoja kinachokuwa mara maji, mara barafu, mara mvuke, nakusihi uuache. Barafu haisemi na mvuke, ilhali kule Yordani Mwana anabatizwa, Roho anashuka juu yake, na Baba anasema kwamba anapendezwa naye.

Na hilo la kupendezwa lina uzito wake. Yesu anamwambia Baba kwamba alimpenda kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu (Yohana 17:24). Basi Mungu hakutuumba ili kuondoa upweke. Upendo ulikuwepo, nasi tumekaribishwa ndani yake. Tangu nilipolitafakari hili, huwa naona wepesi kidogo kumhudumia mtu asiyenishukuru, kwa sababu sihitaji tena anihakikishie kwamba nina thamani.

Ukipata nafasi, soma Yohana sura ya 14 hadi ya 17 kwa mfululizo, kisha uniandikie ulipokwama. Mimi hukwama kwenye 17:21, pale Bwana anapoomba kwamba tuwe na umoja kama alivyo ndani ya Baba, na Baba ndani yake, kwa maana nikiwakumbuka Wakristo wenzangu nisiosemezana nao, sijui nianzie wapi.

Wasalimie wote nyumbani.

Ndimi rafiki yako katika Kristo.