Garsinia na yale mafuta ya panya

Habari zenu wapendwa, naona toka jana mnaulizana kama vidonge vya kupunguza uzito vya garsinia, vinavyotokana na tunda la jina hilo, kweli vinazuia mwili kutengeneza mafuta, ngoja niliweke sawa kabla mtu hajatoa hela yake. Kwa panya wa maabara ni kweli kabisa, lilionekana tangu miaka ya 1970. Ganda la tunda lile lina asidi ya haidroksisitriki, na hiyo inabana kimeng'enya kinachovunja sitrati (kitu ambacho mwili unakipata ukichakata wanga) ndani ya seli, sasa sitrati isipovunjwa ini linakosa asetili-koA ambayo ndo malighafi ya kujengea mafuta, yaani wanga unaliwa ila haugeuki mafuta kirahisi. Halafu panya wenyewe walipunguza kula pia, hilo watu wanalisahau sana!! Ila kwa binadamu bado jamani, Marekani 1998 walipima watu 135 kwa wiki 12, miligramu 1500 za asidi hiyo kwa siku, na wa garsinia hawakuwazidi kupungua wale waliopewa vidonge visivyo na kitu. Tena wapo walioumia ini baada ya kutumia bidhaa zenye garsinia, kwa hiyo mwenye shida ya ini aongee na daktari kwanza, na matangazo ya hivyo vidonge humu naomba tusiposti.