Ukurasa wa mitindo utupe na vipimo, si picha tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu ukurasa wenu wa mitindo. Kila wiki mnatuwekea dada aliyependeza, kavaa gauni la kitenge lenye mabega ya kuvimba, na chini yake mnaandika kwamba mshono huu unafaa kwa sendofu. Unafaa, sikatai. Ila mimi msomaji nitaupataje? Njia mliyoniachia ni moja tu: niipige picha kwa simu, nimpelekee fundi, naye aitazame picha, anitazame mimi, aseme "hakuna shida, mama." Kuanzia hapo kila mkazi wa Dar es Salaam anajua kinachofuata.

Wengi wakifika hapo huanza kumsema fundi. Mimi namtetea. Fundi wa mtaani anachukua vipimo vyako, anaviandika kwenye kauntabuku, kifua 40, kiuno 34, hipsi 46, kisha anachora kwa chaki juu ya kitambaa chenyewe na kukata. Hana karatasi ya kufuata wala nguo ya kujaribia. Picha aliyopewa inaonyesha mbele peke yake. Kama nyuma kuna zipu au vifungo, atajijua. Kitambaa cha kwenye picha kinalegea, ulichompelekea ni kitenge kipya kigumu kwa wanga. Halafu tunataka vifanane. Anayeiweza kazi hiyo kwa jicho tu ni msanii. Wasanii wa namna hiyo tunao, ila foleni zao ni ndefu, na Desemba hawashikiki.

Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na nguo zangu za kazini karibu zote nashona mwenyewe, usiku na Jumapili, kwa cherehani ya miguu isiyojali kama umeme upo au haupo. Sikusomea ushonaji. Nilijifunza kwa patani za karatasi, yaani vipande vya nguo vilivyochorwa ili uvifuate kukata kitambaa, zile zinazouzwa kwenye bahasha yenye picha ya nguo mbele na jedwali la vipimo nyuma. Za kwanza alinitumia wifi yangu aliyeko Uingereza; siku hizi nanunua faili kwenye intaneti na kulichapisha steshenari. Watu wakiniuliza fundi wangu ni nani, nikawajibu kwamba ni karatasi, wanadhani nawaficha.

Wenzetu wana kitu hiki tangu zamani. Mwaka 1863 fundi mmoja wa nguo za kiume, Ebenezer Butterick wa mji wa Sterling katika jimbo la Massachusetts, Marekani, alianza kuuza patani za karatasi ambazo nguo moja ilipatikana kwa saizi mbalimbali. Inasimuliwa kuwa mkewe, Ellen, ndiye aliyemtia wazo hilo, kwa kuwa patani za wakati ule zilikuja saizi moja na mama wa nyumbani ilimbidi azikuze au azipunguze kwa kubahatisha. Merikebu za bandari ya Salem, katika jimbo hilo hilo la Massachusetts, zilikuwa zimeshaleta kitambaa cha marekani Zanzibar miongo kadhaa kabla ya hapo. Kitambaa kilitufikia mapema, karatasi yake ikakwama njiani.

Lakini mfano ninaotaka uuangalie, Mhariri, ni wa Ujerumani, kwa sababu huo ni wa mtu wa magazeti kama wewe. Mama mmoja wa mji wa Offenburg, Aenne Burda, alianzisha jarida la mitindo mwaka 1950, nchi yao ikiwa bado inajiokota baada ya vita. Mwaka 1952 akaanza kutia patani ndani ya jarida lenyewe. Yaani unanunua jarida, unaona gauni, na gauni lile lile unalikuta limechorwa kwenye karatasi kubwa katikati, kwa saizi kadhaa. Ukiikunjua karatasi hiyo mara ya kwanza utataka kuirudisha: mistari ya nguo nyingi imepandana kama nyaya za umeme Manzese. Unafuata rangi na namba ya kipande chako, unakinakili kwenye karatasi nyingine, na unaongeza mwenyewe nafasi ya mshono pembeni, maana jarida halikuwekei.

Mimi nanakili juu ya magazeti ya zamani, kama mafundi wengi wanavyofanya. Kwa hiyo mchango wako katika mavazi yangu upo tayari, ingawa hukuutaka: mkono wa blauzi yangu ya kijani umelala juu ya tahariri yako.

Sasa niseme patani inampa nini mtu ambaye si fundi. Inampa kukata, ambako ndiko kugumu. Kushona mstari ulionyooka utajifunza ndani ya wiki chache. Kujua shingo ishuke kiasi gani, kwapa lizunguke vipi, mikunjo ya kifua ielekee wapi, huo ni ujuzi wa miaka, na karatasi inakupa umeshapimwa. Kila kipande kina mshale unaokuonyesha kilale vipi kufuata uzi wa kitambaa. Kuna alama pembeni zinazokutana: mkono na kwapa, kola na shingo. Kuna maelezo ya hatua kwa hatua. Na kwenye jedwali kuna idadi ya mita za kununua kulingana na upana wa kitambaa, 115 na 150. Vitenge vingi vya Kariakoo vina upana unaokaribia sentimita 115, kwa hiyo safu hiyo ya jedwali ni kama iliandikwa Mtaa wa Uhuru. Ukishajua namba yako, muuza duka hakuongezei kwa maneno yadi usiyoihitaji.

Saizi ndipo watu wanapoanguka. Msomaji mwenzangu, usichague patani kwa saizi unayovaa ya mtumba. Hazina undugu. Anayevaa 12 ya dukani anaweza kujikuta 16 kwenye bahasha, na asione vibaya, ni namba tu. Chukua futikamba, jipime kifua, kiuno na hipsi, usivute tumbo ndani, kisha soma jedwali. Sisi wengi tutajikuta kifuani tuko saizi moja na nyongani nyingine kabisa. Hapo patani yenye saizi nyingi ndiyo inapopendeza: unafuata mstari wa 14 kifuani, unaufuata wa 18 hipsini, na pale kiunoni unaunganisha miwili hiyo kwa mstari mmoja unaoteremka taratibu. Nguo ya dukani haikupi nafasi hiyo, na ndiyo sababu sketi za mitumba zinatubana nyonga na kupwaya kiuno. Wenye kifua kikubwa wajue pia kwamba kampuni kubwa za Marekani huchora patani zao za kawaida kwa kifua cha sidiria ya kikombe B. Ukizidi hapo, chagua saizi inayokaa vizuri mabegani, kisha ongeza kifuani peke yake. Ukipanda saizi nzima, mabega yatakuanguka.

Jambo moja siwafuati. Patani za bahasha huacha sentimita 1.5 ya mshono, basi. Kwetu fundi mzuri anaacha inchi nzima ubavuni, kwa sababu mwili hautabiriki na nguo ya harusi ya mdogo wako utataka kuivaa tena kwenye ubatizo wa mtoto wake. Mimi naacha inchi.

Kitenge nakiloweka na kukikausha kabla ya kukata, wanga utoke na kama kitarudi ndani kirudi mapema. Kitambaa cha bei najaribu kwanza kwa marekani au shuka kuukuu. Kanga ni somo lake. Ina pindo pande zote, ina mji katikati, ina jina, na patani iliyochorwa kwa kitambaa cha mita haijui hayo. Usipopanga vipande vyako kwa makini, jina linakaa makalioni, na kuna majina mengine hayafai kusomwa hapo na abiria wa mwendokasi.

Kwa wanaochapisha mafaili: kwenye ukurasa mmojawapo huwa kuna kamraba ka kupimia, pembeni kameandikwa urefu wake. Mwambie kijana wa steshenari achape asilimia 100, asiiachie kompyuta ibane ukurasa utoshe karatasi. Akishachapa huo ukurasa mmoja, toa rula, pima kamraba pale pale dukani mbele yake. Kama kameandikwa sentimita 10 na unapata 9.6, asiendelee, gauni zima litakuwa dogo kwa kiwango hicho hicho. Atakuona msumbufu. Mwache akuone, karatasi ni za hela yako.

Na nisidanganye mtu kuhusu fedha. Ukijumlisha kitambaa, zipu, uzi, karatasi za kuchapisha na saa zako za usingizi, mtumba wa Karume unakushinda kwa bei mbali sana. Anayetaka kushona ili abane matumizi atafute njia nyingine. Mimi nashona kwa sababu nataka mfuko kwenye gauni, mfuko wa kweli unaoingia simu na funguo. Nataka mkono unaofika pale ninapotaka ufike. Na sitaki kukutana na gauni langu kwenye foleni ya kivuko.

Wapo watakaosema nawanyang'anya mafundi riziki. Jirani yangu fundi hasemi hivyo. Ovaloki, ule mshono wa kuzuia kingo zisifumuke, napiga kwake, matundu ya vifungo anatoboa yeye, na suti siigusi, nampelekea. Tena amekuja kuazima patani yangu ya shati la mtoto, kaihamishia kwenye boksi gumu, na sasa akipata tenda ya sare anakata kwa kuzungushia chaki. Karatasi imemwongezea kasi.

Sasa ombi langu. Badala ya picha nne kwa wiki, mara moja kwa mwezi tupeni nguo moja na patani yake. Najua ukurasa wa gazeti hautoshi kipande cha gauni, na siombi karatasi ya Wajerumani. Chapeni mchoro mdogo juu ya miraba, kila mraba uhesabiwe sentimita 5. Msomaji achore miraba ya ukubwa huo kwenye karatasi ya kaki, ahamishe mstari mraba kwa mraba. Njia hii ina faida moja mtakayoipenda: tangazo likija dakika za mwisho na mchoro ukabanwa, miraba inabanwa nao na hesabu haibadiliki. Mtuonyeshe na mgongo wa nguo. Mwandike mita ngapi kwa upana wa 115, na kipi kishonwe kabla ya kipi.

Wachoraji hawakosekani. Chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe kiko hapa hapa mjini. Tangu mwaka 2008 tuna Swahili Fashion Week, maonyesho ya mitindo aliyoyaasisi Mustafa Hassanali, na wabunifu waliopita katika jukwaa hilo ni wengi. Mwenye kukubali kutoa mchoro mmoja wa sketi mlipeni kama mnavyomlipa mpiga picha. Shule nazo zimepewa mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, na mwalimu wa ushonaji mwenye vijana arobaini na cherehani chache atashukuru kupata mchoro wa kubandika ubaoni kila mwezi kwa bei ya gazeti. La muhimu ni kwamba vipimo vipimwe kwa watu wa hapa. Bahasha za nje narekebisha kila mara mahali pale pale, nyongani na mgongoni, na nikizungumza na wanaoshona wenzangu nao wanataja hapo hapo. Atakayetuchorea kwa miili yetu tutamnunua.

Anzeni na sketi ya vipande sita, mkanda kiunoni, zipu ubavuni, hipsi kuanzia inchi 36 hadi 52. Msiishie 42 kama wengine, kwa sababu wa 46 ndio tunaosoma ukurasa huo. Na mkikosa wa kuujaribu mchoro kabla haujatoka, nitumieni. Nitaukata kwa marekani Jumamosi, na Jumatatu mtapata sketi pamoja na orodha ya mahali ulipokosewa.

Wako msomaji,
Karani mshonaji,
Mtoni kwa Azizi Ali, Dar es Salaam