Heri ya Krismasi kutoka Louisville, na habari za nahodha Mary Miller

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo mambo vipi, Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kwenu wote mlioko Kigoma, Uvira, Nairobi na nyie wa hapahapa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, ambao najua usiku huu mko shifti, maboksi yamewajaa mpaka shingoni maana Desemba mji huu haulali.

Mwaka huu sitaki kuwatumia ile picha ya mishumaa. Juzi nilipita mtaa wa Portland, baridi inakata masikio, nikasimama kwenye kibao cha historia cha jimbo, kile cha chuma kwenye nguzo, kimeandikwa Mary M. Miller. Kumbe huyu mama ni mtoto wa hukohuko Portland, baba yake alikuwa fundi injini wa meli za mvuke, na tarehe 16 Februari 1884 alipewa leseni kule New Orleans awe nahodha wa meli ya mvuke kwenye mto Ouachita, Mississippi, Red na mingine. Mama wa watoto wanne jamani, 1884!

Alivyoipata ndo kumenigusa zaidi. Meli yao iliitwa Saline, mumewe George alikuwa nahodha na rubani kwa wakati mmoja (rubani wa meli, neno lenyewe lilianzia majini), sheria haikuruhusu mtu mmoja kushika kazi zote mbili, washindani wakaenda kushtaki, basi mama akaomba leseni ya unahodha yeye. Wakaguzi wakasita, suala likafika mpaka Washington kwa waziri wa fedha Charles Folger, jibu likarudi kama kazi anaiweza apewe. Na aliiweza, maisha yake yalikuwa ndani ya meli ileile, cheti kilimkuta kazini.

Hapo nikamkumbuka mama yangu. Boti yetu ya dagaa karatasi zote zilikuwa na jina la baba mdogo, lakini aliyejua nani anadaiwa, mafuta ya karabai yamebaki kiasi gani, usiku upi mbalamwezi ni kali watu wasiende ziwani, ni mama. Asubuhi wanaume wakilala yeye yuko mchangani anaanika dagaa. Nilisimama pale mbele ya kibao machozi yakanitoka, sio baridi.

Na enzi za nahodha Mary pamba ilikuwa inashuka mtoni kwa meli miezi hii hii ya baridi kwenda New Orleans, sikukuu au sio sikukuu mzigo lazima ufike. Kwa hiyo salamu zangu za kwanza kabisa ni zenu dada zangu mliokuwa manesi nyumbani, hapa mnasubiri vyeti vitambuliwe mwaka wa tatu sasa, na usiku wa Krismasi mnawageuza wazee wa watu kitandani kwa upole uleule. Mungu awaone. Mimi nawaona.

Mama Mary alifariki 1894, kaburi lake liko makaburi ya Portland. Tarehe 26 mchana nawapeleka watoto na maua kidogo, anayetaka tuongozane anipigie, njooni na masweta ya maana, tukitoka huko pilau iko kwangu.