Hondohondo wa Vazhachal na mkuyu wa kwenu

Thrissur, Kerala, kusini mwa Uhindi
Mwishoni mwa Februari

Somo yangu,

Salamu kwako, kwa mama, na kwa wote wa nyumbani. Mimi mzima wa afya. Joto la huku ni lile lile la Tanga kabla ya masika, la kumfanya mtu atamani kulala barazani.

Uliniuliza siku zisizo na masomo nazipitishaje. Naangalia ndege. Mahali ninapokaa ndipo palipoanzisha jambo hili. Nimepanga chumba kwa bibi mmoja ambaye ungekiona kiwanja chake ungedhani uko Unguja shamba: minazi, mifenesi, mipopoo, mipilipili manga imetambaa juu ya miti mingine, na mkungumanga mmoja karibu na mlango wa jikoni. Pembe ya kusini-magharibi kuna kipande cha msitu kisichoguswa. Wenyewe wanakiita kavu. Ndani yake mna mawe ya nyoka ambayo jioni huwashiwa taa, na hakuna anayekata tawi wala kuzoa majani. Ibada ni yao, mimi si wa dini hiyo, lakini kila nikikitazama nawakumbuka wazee wa Kimijikenda na makaya yao: walikataza shoka, na msitu ukabaki mpaka leo.

Katika majani hayo makavu kuna pita. Ni ndege mfupi, mkia karibu hana, mgongo wa kijani, bega la buluu inayong'aa, na chini ya mkia wekundu uliokolea. Huzaliana kaskazini, chini ya milima ya Himalaya na katikati ya Uhindi, halafu husafiri usiku kuja kupitisha kipupwe huku kusini. Alfajiri, karibu saa kumi na mbili, hupiga miluzi miwili akanyamaza. Jioni saa hiyo hiyo hurudia. Nimejizoeza kumtangulia kuamka. Nakaa kwenye ngazi ya jikoni, simu nimeiacha chumbani, nasikiliza. Mara nyingi simwoni kabisa, namsikia tu akipindua majani kutafuta wadudu. Tabia hiyo imenigusa hata katika mambo mengine: nakula kanji yangu, uji wa mchele, na choroko taratibu, redio siiwashi asubuhi, na jioni natembea kwa miguu safari ambazo zamani ningepanda bajaji. Nina furaha nayo kuliko nilivyotarajia.

Ng'ambo ya barabara ni shamba la mipira. Mistari imenyooka, chini pamefagiliwa, na msimu huu miti yenyewe imepukutisha majani. Nimesimama pale asubuhi nzima na nikasikia ndege wachache mno. Barabara moja tu ndiyo inayotenganisha pande hizi mbili, mvua ni ile ile na udongo ni ule ule.

Kuna jamaa utawafahamu hata bila mimi kuwaeleza: kunguru. Wale wenye shingo ya kijivu waliojaa Dar es Salaam na Unguja asili yao ni huku. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka za mji, na unajua yaliyofuata. Mayai na makinda ya ndege wetu wameyamaliza, wametegwa, wametiliwa sumu, na bado wapo. Nilikuja huku nikiwa na hasira nao. Lakini huku wana mwenzao wa kuwapunguza, ndege aitwaye kuyil. Dume ni mweusi mwenye macho mekundu, jike ni wa kahawia mwenye madoa meupe. Jike hutaga ndani ya kiota cha kunguru, na kinda lake huanguliwa kabla ya makinda ya wenye kiota, kwa hiyo kunguru hulisha mtoto asiye wake. Ameanza kuimba juzi, na sauti yake inapanda na kupanda mpaka unahisi koo litapasuka. Zaidi ya hayo, mwezi wa Karkidakam, kati ya Julai na Agosti, watu hufanya matambiko ya wazee wao waliofariki, wakawawekea kunguru matonge ya wali, na kupiga makofi kwa mikono iliyolowa ili waje kula. Sasa hasira yangu imehama. Sisi tulimchukua ndege mmoja kutoka kwao tukaacha nyuma kila kilichokuwa kikimwekea mpaka.

Lakini nilichokaa kukuandikia hasa ni habari za hondohondo.

Juu ya maporomoko ya Athirappilly, kwenye bonde la mto Chalakudy, kuna msitu wa Vazhachal. Aina zote nne za hondohondo wa Kerala hupatikana humo. Mkuu wao ni hondohondo mkubwa, ndege wa jimbo hili, urefu wake karibu mita 1, mdomo wa njano wenye kofia juu yake. Utamsikia kabla ya kumwona, maana mabawa yake yanapuma kama mivukuto ya mhunzi. Msimu huu majike wamejifungia. Jike huingia kwenye mvungu wa mti mkongwe, akaziba mlango kwa kinyesi chake na mabaki ya matunda, ukabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo. Humo hutaga yai moja au mawili na kuyaatamia siku 40 hivi, na manyoya yake ya kurukia hunyonyoka, asiweze kwenda popote. Chakula huletwa na dume. Tulimwona mmoja akitua, amejaza koo, akatema kuyu moja moja na kuzipenyeza kwenye ule ufa bila haraka yoyote. Kisha akaruka kuzitafuta nyingine.

Aliyetuongoza ni mzee wa Kikadar, kabila la msituni humo. Zamani walitoa makinda kwenye mivungu wakala. Tangu miaka ya 2000 baadhi yao ni walinzi wa viota kwa makubaliano na idara ya misitu, na hakuna anayejua miti hiyo kuwashinda. Nilipenda kwamba hakutoa simu kumpigia ndege sauti iliyorekodiwa ili ajitokeze, mtindo ambao nimeuona kwingine na unaniudhi sana. Ndege akisikia vile hudhani mgeni amevamia eneo lake, akaacha kulisha watoto akaja kupigana na hewa. Mzee alituambia tukae chini tungoje, nasi tukangoja.

Alitueleza jambo lililonifanya niikumbuke barua yako. Hondohondo hawezi kuchimba tundu kwenye mti kama kigong'ota. Lazima alikute. Tundu la kumtosha halipatikani ila kwenye shina nene ambalo tawi lake lilivunjika zamani na moyo wake ukaanza kuoza, na hiyo ni kazi ya miaka mingi sana.

Somo, uliandika kwamba kaka zako wanataka kuuangusha mkuyu wa bondeni kwa sababu umeoza ndani. Sina haki ya kuwaamulia, shamba ni la baba yenu na shida za nyumbani nazijua. Nakuomba tu uwafikishie maneno haya kabla msumeno haujafika. Hondohondo wanaopita juu ya Muheza kuelekea Amani wanalea vivyo hivyo, jike kifungoni na dume njiani. Mikuyu haizai msimu mmoja yote, kwa hiyo wakati miti mingine haina kitu, ndiyo inayowalisha wao na popo na nyani. Mbegu nao huzipeleka mbali. Na faida ya kuukata ni ndogo: mbao ya mkuyu ni laini, makaa yake hayadumu jikoni. Wakitaka fedha, miti mingine ya pale bondeni ingebeba mipilipili manga. Bibi wa hapa huvuna kila mwaka na mti unabaki umesimama. Kuhusu chemchemi iliyo chini ya mkuyu ule, mama anaweza kuwaeleza vizuri kuliko mimi.

Kabla hujazungumza nao, nenda pale mwenyewe asubuhi mbili tatu. Tazama mvungu uko upande gani na kama mlango wake umezibwa ukabaki ufa. Tazama chini ya shina kama pana mbegu na kinyesi kilichomwagika mahali pamoja, maana wenye nyumba hutupa uchafu nje kupitia ufa huo. Ukiona hivyo, waite kaka zako waje waone kwa macho yao, naamini itakuwa rahisi zaidi kuliko maneno yangu.

Niandikie mapema wamesemaje. Mwezi wa sita mvua zikianza huku nitakuwa kwenye mitihani. Mpe mama mkono, na mwambie kungumanga alizoagiza nimeshaziweka.

Akupendaye,
Somo yako