Barua kwa Mwanangu Aliyejiunga na Klabu ya Redio

Mwanangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako na nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha, kwa kujua kwamba umejiunga na klabu ya redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaowasiliana hewani kwa kupenda, bila malipo. Mara ya pili niliisoma kwa utulivu zaidi, kwa sababu ndani ya maneno yako niliyasikia manung'uniko. Unasema umehudhuria Jumamosi nne mfululizo, umepewa penseli, karatasi na vipokea sauti vya masikioni, na hadi leo hujaruhusiwa kushika kipaza sauti hata kwa dakika moja. Unauliza kama wakufunzi wanakuchelewesha makusudi. Nakujibu kama mama yako, na pia kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha namna hiyo kabla hujazaliwa: hawakucheleweshi. Kazi waliyokupa ndiyo mafunzo yenyewe, na kubonyeza kitufe cha kurushia sauti ni sehemu ndogo sana ya kazi hii.

Nikusimulie jambo lililonipata katika mwaka wangu wa kwanza. Klabu yetu ilifanya zoezi la dharura. Tuligawanyika makundi mawili, tukajifanya jengo limeporomoka na simu zote zimekatika, na kundi moja likawa linatuma taarifa kutoka eneo la tukio huku jingine likizipokea na kuziandika. Mimi nilikuwa mpokeaji. Ngurumo za mbali zilikuwa zikipasua hewa kwa mikwaruzo mirefu, na katikati ya mikwaruzo hiyo nikasikia sauti ikisema, "Majeruhi sita, machela mbili zinahitajika." Nikaandika: majeruhi tisa, machela mbili. Sikuomba kurudiwa, kwa kuwa niliona aibu kuonekana sisikii vizuri. Zoezi lilipokwisha, mkufunzi aliziweka karatasi mbili mezani, ya mtumaji na ya kwangu, akazilaza bega kwa bega bila kusema neno. Kama tukio lingekuwa la kweli, watu watatu ambao hawakuwepo wangetafutwa chini ya kifusi usiku kucha, na wanaotafuta wangehatarisha maisha yao bure.

Yatamke maneno hayo mawili polepole, mwanangu: sita, tisa. Silabi ni mbili kwa mbili, vokali ni zile zile, i na a, na konsonanti ni zile zile, s na t, ila zimebadilishana nafasi. Redio za masafa mafupi hupitisha sehemu ndogo tu ya sauti ya mtu, takriban kuanzia hezi 300 (mitetemo 300 kwa sekunde) hadi hezi 3,000, ilhali mshindo wa s una nguvu yake kubwa juu ya kiwango hicho. Kwa hiyo kinachokufikia ni vokali, na konsonanti unazibuni mwenyewe bila kujua kwamba unabuni. Tangu siku ile tulikubaliana katika klabu yetu kwamba namba ya hatari kama hiyo hutamkwa, kisha huhesabiwa kuanzia moja hadi kuifikia: "sita, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita." Inachukua sekunde tatu. Waulize wakufunzi wako wao wana utaratibu gani, maana kila klabu ina wake, na uufuate hata unapoona hali ya hewa ni shwari.

Ndiyo maana wanakufundisha ujumbe rasmi kwa ukali ule unaoulalamikia. Ujumbe una namba yake, kituo ulikotoka, saa ulipoandikwa na idadi ya maneno. Mpokeaji anahesabu maneno aliyoyaandika, na hesabu ikigoma anaomba kipande tu kilichopotea, kwa mfano "rudia yote yaliyo baada ya neno machela," badala ya kumlazimisha mtumaji aanze upya huku wengine wakisubiri zamu. Kisha anausoma ujumbe wote kwa sauti, neno kwa neno, na mtumaji anathibitisha. Haruhusiwi kurekebisha sarufi, kufupisha, wala kuweka neno analodhani ni zuri zaidi. Wewe una kipaji cha kuandika na najua mkono utakuwasha kutengeneza sentensi za watu. Uzuie.

Umenieleza pia juu ya ule mkutano wa hewani wa kila wiki, ambapo msimamizi mmoja anaita vituo kimoja kimoja, na ukasema unakuchosha. Nakuomba Alhamisi ijayo umsikilize msimamizi peke yake. Angalia jinsi anavyonyamaza kidogo kila anapomaliza kusema, ili mwenye jambo la dharura apate nafasi ya kuingia. Angalia anavyofanya pale vituo viwili vinapobonyeza kwa pamoja na kubaki mlio tu usioeleweka. Hafoki, bali anaomba wenye herufi fulani mwishoni mwa alama zao za wito, yaani majina ya herufi na namba yanayotambulisha vituo vyao, watangulie. Kumbuka pia kwamba wapo wanaosikika kwake na hawasikiki kwako, kwa sababu ya kilima au umbali. Ukimya unaousikia wewe si uthibitisho kwamba hakuna anayezungumza. Kwa sababu hiyo mtu husikiliza kwanza, kisha huuliza kama masafa yana mtu, kisha husikiliza tena, ndipo aite.

Daftari la kusikiliza ulilopewa lina manufaa mengine ambayo huenda hujayaona bado. Andika saa, masafa, alama ya wito na nguvu ya sauti, kila siku, hata kwa dakika ishirini. Baada ya mwezi utaona kwa macho yako mwenyewe kitu ambacho vitabu hukieleza kwa michoro: mchana tabaka la chini la ionosfea (sehemu ya juu ya anga inayorudisha mawimbi ya redio chini), linaloitwa D, humeza mawimbi ya megahezi (milioni za hezi) 3.5 na kuyadhoofisha yale ya megahezi 7, kwa hiyo unasikia vituo vya karibu tu. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na sauti za mbali zinaanza kujitokeza moja baada ya nyingine kama nyota. Megahezi 14 mara nyingi hufanya kinyume chake, hufunguka mchana na kufifia usiku. Juu ya hayo kuna mzunguko wa madoa ya jua wa takriban miaka 11, unaozifungua bendi za juu na kuzifunga tena. Mimi nina madaftari ya mizunguko miwili, na nitakupa siku utakapokuja.

Nimefurahi kusoma kwamba Jumamosi ijayo mtatengeneza antena ya waya, na hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote. Mtaijenga kwa ajili ya bendi ya mita 40. Mawimbi ya redio husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la megahezi 7.1 lina urefu wa mita 42 na robo, na nusu yake ni mita 21 na kitu. Waya halisi, hata hivyo, hutakiwa kuwa mfupi zaidi kwa takriban asilimia 5, na ndiyo sababu mafundi hugawa 142.5 (asilimia 95 ya 150) kwa megahezi, na hapa hupata mita 20 na sentimita 7. Usikate hapo. Kata mita 20 na nusu, ugawe vipande viwili sawasawa, uviunganishe na kebo katikati, kisha mpandishe na kupima.

Kipimo kitawaonyesha uwiano wa wimbi lililosimama (SWR), namba inayoeleza ni kiasi gani cha nguvu kinachorudi kutoka kwenye antena. Moja maana yake hakuna kinachorudi. Tatu maana yake robo nzima ya nguvu inarudi ilikotoka. Mtakuta antena inaelewana na megahezi 6.95 kuliko 7.1, na hiyo ni ishara njema, kwa kuwa waya mrefu hufupishika ilhali waya mfupi haurefuki. Teremsha antena, ukunje ncha ya kila upande sentimita tano, uizungushie juu ya waya wenyewe na kuibana, bila kukata; pandisha, pima, andika. Rudia. Mtapanda na kushuka mara nne au tano, kamba itakukwaruza viganja, na wenzako watasema inatosha kabla haijatosha. Mkifika sentimita ishirini na moja hivi kila upande, sindano italala chini kabisa kwenye 7.1, na nakuomba wakati huo uitazame kwa makini, kwa sababu namba uliyoigawa kwenye karatasi itakuwa inaning'inia juu yako ikiwa waya wa shaba.

Kuna jambo moja katika kazi hiyo ambalo silisemi kwa upole. Kabla hujarusha kamba juu ya tawi lolote, zunguka eneo lote ukitazama juu, na mahali palipo na nyaya za umeme msitundike kitu, hata mkufunzi akisema mko mbali vya kutosha. Umbali unaotakiwa ni ule ambao antena ikianguka, kwa upande wowote, haiwezi kuzigusa. Waya unaoteleza mkononi na kuangukia laini ya umeme huua mtu kabla hajapata nafasi ya kuuachia.

Kuhusu kuwinda kirushio kilichofichwa, umeandika kwamba ni mchezo wa watoto. Sikubaliani nawe. Siku kitufe cha redio ya mtu fulani kitakaponasa na kuziba masafa yote ya dharura, atakayeweza kuipata redio hiyo ni yule aliyeuzoea mchezo huo. Hila ya kwanza hata haihitaji antena maalumu: ishike redio ya mkononi karibu na kifua, geuka polepole ukizunguka mahali ulipo, na sauti inapofifia kuliko pengine pote, kirushio kiko mgongoni mwako, kwa sababu mwili wako umekiziba. Chora mstari kwenye ramani, sogea mahali pengine, chora mwingine, na pale mistari inapokutana ndipo pa kutafuta.

Msimbo wa Morse hawatakulazimisha. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003 uliacha kila nchi iamue yenyewe kama itaudai katika mtihani, na nchi nyingi zimeuondoa. Mimi ningependa ujifunze, kwa kuwa mlio mwembamba wa Morse hupenya mahali ambapo sauti ya mtu imeshazama. Ila usiutazame kwenye karatasi yenye nukta na mistari. Anza na herufi mbili tu, kwa kasi kamili, kwa sikio, na uongeze ya tatu pale unapopata tisa kati ya kumi. Ndiyo njia ya Mjerumani Ludwig Koch, na haijapata kunishinda kwa mwanafunzi yeyote niliyemfundisha.

Mtihani wa leseni usikuogopeshe. Sheria utakazosoma si nyingi, na zina sababu zake: utajitambulisha kwa alama yako ya wito, hutafanya biashara hewani, hutaficha maana ya ujumbe kwa siri. Zinaudhi mwanzoni, lakini ndizo zilizotuwezesha watu tusiolipwa kuendelea kupewa nafasi katika masafa ambayo wengi wanayatamani. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Marekani iliwasukuma watu wa ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 na mafupi zaidi, kwa kudhaniwa kwamba hayafai kwa safari ndefu. Novemba 1923 Fred Schnell na John Reinartz wakiwa Marekani walizungumza kwa Morse na Léon Deloy akiwa Ufaransa, kwa wimbi la takriban mita 100, bahari nzima ya Atlantiki ikiwa katikati yao. Deloy alikuwa amevuka bahari miezi michache kabla ili ajifunze kwa wenzake, na Schnell na Reinartz walikaa macho wakimsikiliza. Huwa nawafikiria wale wawili kila nikivaa vipokea sauti.

Sasa tupange. Antena ikishakamilika, mwombe mkufunzi wako mwenye leseni akae nawe Jumamosi inayofuata, saa nne asubuhi, kwenye megahezi 7.1 au karibu yake kama pana watu. Saa hiyo, kwa umbali uliopo kati yetu na antena zisizo juu sana, tutasikilizana vizuri. Nitaita kituo cha klabu yenu, na mkufunzi atajibu. Penseli itakuwa mkononi mwako wewe. Ujumbe wangu una maneno 18, na miongoni mwake mna namba tatu. Sitazihesabu kuanzia moja isipokuwa uniombe. Usimruhusu mkufunzi abonyeze kitufe cha kuthibitisha kabla hujahesabu maneno yote mwenyewe.

Mimi mama yako