Watu Waliokuwa Wakielea Bustanini

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya. Mimi sijambo, ila kucha zangu bado zina rangi ya kijani. Uliniuliza kwa nini nimehamishia bustanini mazoezi yangu ya kuchora watu, mahali penye upepo na wapita njia, ilhali kuchora mwili wa mtu kunahitaji utulivu wa chumbani. Nami nilidhani hivyo kwa muda mrefu.

Nilikuwa nikizifanya kazi hizi mbili kana kwamba hazijuani. Chumbani nilichora watu kwa penseli. Bustanini nilipaka miti na njia kwa rangi za maji, kisha mwishoni kabisa nikawapachika watu palipobaki nafasi. Ukizitazama picha zangu za wakati huo utaona kwamba watu wake wanaelea, miguu haikanyagi chini, na aliye mbali anaonekana jitu kumpita aliye karibu.

Jumamosi iliyopita nilimwona kijana amesimama kando ya maua akisoma gazeti, uzito wote ameuweka kwenye mguu wa kushoto. Nyonga ya upande huo ilikuwa imepanda, bega la upande ule ule limeshuka, na kishimo cha shingo kilikuwa sawia juu ya mguu uliombeba. Nikapiga mstari mmoja wa wima kutoka shingoni hadi kisiginoni, miwili ya mshazari kwa mabega na nyonga, kisha kichwa, basi. Hazikupita dakika mbili akakunja gazeti na kwenda zake. Mchoro ule hauna macho wala vidole, lakini mtu wake amesimama kweli, na ninaupenda kuliko michoro yote niliyoihangaikia chumbani kwa saa nzima.

Kosa langu la pili lilikuwa la kimo, na hili nakuomba ulijaribu mwenyewe. Ukichora umesimama kwenye ardhi tambarare, macho ya watu wazima waliosimama, wenye kimo kama chako, huangukia kwenye mstari wa upeo, yaani pale ardhi na anga vinapoonekana kukutana, sawa na kimo cha macho yako, wawe karibu au mbali. Kinachopanda kwenye karatasi kadiri mtu anavyokuwa mbali ni miguu yake. Ukikaa kwenye kigoda, mstari huo hushuka na kuwakata wote mahali pamoja, chini kidogo ya kifua. Mimi nilikuwa nikikaa, lakini vichwa nikivipanga kama niliyesimama! Watoto nao wana hesabu yao: ukipima kimo kwa urefu wa kichwa cha mtu mwenyewe, mtu mzima hukaribia vichwa saba na nusu, na mtoto wa mwaka mmoja ni kama vichwa vinne tu. Mimi niliwachora kwa vipimo vya watu wazima, ndiyo maana wangu walifanana na wazee wafupi.

Sasa mtu namweka mapema, pamoja na kivuli chake. Miguu na kivuli navipaka kwa brashi moja, rangi ikiwa bado mbichi, ili viyeyukie pamoja pale unyayo unapokutana na ardhi. Nikishaweka vivuli sivibadilishi tena, kwa sababu jua husogea nyuzi 15 kwa saa, na anayelifukuza huishia na miti yenye vivuli vya asubuhi na watu wenye vivuli vya adhuhuri. Kuhusu kijani, usikitumie kama kilivyotoka kwenye mrija. Tia wekundu kidogo, kitatulia.

Jumamosi ijayo nitakuwa pale pale tangu saa moja asubuhi. Njoo na daftari dogo na penseli laini, rangi tutatumia zangu. Nitakuwekea nafasi upande unaotazama njia panda, maana hapo watu husimama kidogo kabla ya kuamua waelekee wapi.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.